Alama za Protini katika Saratani ya Ini na Maana Yake katika Tiba

Pole ziwaendee wale waliomo ukumbini ambao wamewahi kumuuguza ndugu mwenye maradhi haya, kwa kuwa somo la leo, ijapokuwa litasemwa kwa lugha ya maabara, limeanzia kitandani pa mgonjwa na ndipo linapopaswa kuishia.

Madhumuni ya mhadhara huu ni kueleza jinsi protini zinazodhihirika katika saratani ya ini zinavyotumika kuitambua saratani hiyo, kuutabiri mwenendo wake na kuichagulia tiba, kisha kutetea dai moja, nalo ni kwamba alama ya protini haina thamani kwa kuwapo kwake tu, bali thamani yake hutokana na swali inaloulizwa na hatua inayochukuliwa baada ya jibu kupatikana. Dai hilo litajengwa kwa hoja sita, na kila istilahi itaelezwa pale inapotokea, ili asiyewahi kuingia maabara asiachwe nyuma.

Maelezo ya awali

Saratani inayozungumziwa hapa ni ile inayoanzia katika seli kuu za ini, ziitwazo hepatositi, ambayo ni kati ya asilimia 75 na 85 ya saratani zote zinazoanzia katika kiungo hicho, na si ile inayoanzia tumboni, kwenye titi au kwingineko kisha ikasambaa hadi kwenye ini. Kwa makadirio ya mwaka 2022, watu wapatao 866,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya ini na wapatao 758,000 wakafariki dunia kwa sababu yake. Takwimu hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega zinatosha kueleza ukali wa maradhi yenyewe, kwani idadi ya wanaozikwa kila mwaka inakaribia idadi ya wanaogunduliwa.

Ama kuhusu kudhihirika kwa protini, ifahamike kwamba karibu kila seli ya mwili imebeba jeni zilezile, yaani maelekezo yaleyale ya kutengeneza protini, lakini hakuna seli inayoyatekeleza yote. Seli ya ini hutengeneza albumini na haitengenezi protini za msuli, ilhali seli ya msuli hufanya kinyume chake. Jeni inapofunguliwa na protini yake ikatengenezwa, husemwa kwamba protini hiyo imedhihirika. Seli inapogeuka kuwa ya saratani, mpangilio huo huvurugika, kwa hiyo protini zilizopaswa kuwapo hupungua, zilizopaswa kuwa chache huzidi, na nyingine zilizofungwa tangu mtoto azaliwe huamka upya. Protini ya namna hiyo, inapoweza kupimwa na kipimo chake kikahusishwa na jambo linalomgusa mgonjwa, ndiyo inayoitwa alama.

Hoja ya kwanza: Alama kongwe ina faida, lakini haitoi hukumu

Mwaka 1963, Garri Abelev na wenzake mjini Moscow walionyesha kwamba panya wenye uvimbe wa saratani ya ini walikuwa na protini katika damu ambayo kwa kawaida huonekana katika vijusi tu, na muda mfupi baadaye Yuri Tatarinov, mwanasayansi mwingine wa Urusi ya Kisovyeti, akaikuta protini ya aina hiyo katika damu ya binadamu wenye saratani ya ini. Protini hiyo ni alfa-fetoprotini, ambayo madaktari huiita AFP kwa kifupi. Mtoto akiwa tumboni, ini lake na mfuko wa kiini kinachomlisha mwanzoni huitengeneza kwa wingi mno, na baada ya kuzaliwa kiwango chake hushuka hadi, kufikia karibu mwaka mmoja, kubaki chini ya nanogramu 10 katika mililita moja ya majimaji ya damu, nanogramu ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kwa hiyo AFP inapopanda katika damu ya mtu mzima, ni kana kwamba ini lake limeanza kusema tena lugha ya utotoni.

Hata hivyo, lugha hiyo husikika pia pasipo na saratani. Mjamzito huwa na AFP nyingi kwa sababu ya mtoto aliyembeba, baadhi ya saratani za korodani na za ovari huitoa, na mgonjwa wa homa ya ini ambaye seli zake za ini zimeharibika na zinajijenga upya anaweza kuwa nayo kwa kiwango cha kutia hofu. Upande wa pili, wapo wagonjwa wengi wenye saratani ya ini ambao AFP yao haipandi kabisa. Kiwango cha nanogramu 20 kinapotumika kama mpaka, kipimo hubaini takriban asilimia 60 tu ya wagonjwa, na mpaka ukipandishwa hadi 400 karibu kila aliyeuvuka huwa mgonjwa kweli, lakini walioachwa chini yake huwa wengi zaidi.

Inafaa hapa kutua kidogo na kufanya hesabu, maana ni jambo ambalo hata wenye shahada husahau. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kliniki inayowafuatilia watu 1,000 wenye maambukizi sugu ya virusi vya homa ya ini aina ya B, na kwamba 10 kati yao wana saratani isiyojulikana bado. Kipimo kinachobaini wagonjwa 6 katika kila 10, na kinachowatilia shaka bure watu 10 katika kila 100 wasio na saratani, kitawapata wagonjwa 6 na kuwatisha watu 99 wasiokuwa nayo. Kati ya watu 105 watakaoitwa warudi, 6 tu ndio wenye saratani, na wanne wenye saratani watakwenda nyumbani na karatasi isemayo kwamba hawana neno. Kipimo hakikusema uongo mahali popote katika mfano huu, ila kiliulizwa swali lililozidi uwezo wake.

Ndiyo maana AFP hutumika vema zaidi ikiwa na mwenzake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wagonjwa wa sirosisi, yaani hali ya ini kujaa makovu na kukakamaa, ulionyesha kwamba ultrasaundi peke yake ilibaini asilimia 45 ya saratani za hatua ya mwanzo, na ilipounganishwa na AFP ikabaini asilimia 63. Vilevile AFP hufaa sana katika kumfuatilia mgonjwa ambaye tayari ametibiwa, kwa sababu uvimbe ukikatwa wote kiwango chake hupungua kwa nusu kila baada ya siku tano hadi saba, na kikikataa kushuka, au kikishuka kisha kikapanda tena, daktari hujua kwamba kuna kilichobaki.

Hoja ya pili: Alama kadhaa zinazotokana na kasoro tofauti hushinda alama moja

Kama shahidi mmoja ana udhaifu, busara ni kumtafuta mwingine ambaye udhaifu wake ni wa namna nyingine. Shahidi wa kwanza wa nyongeza ni aina mahususi ya AFP yenyewe. Katika seli ya saratani, AFP hutoka ikiwa imebandikwa sukari iitwayo fukosi, na AFP yenye sukari hiyo hunaswa na lektini, yaani protini inayoshika sukari, inayopatikana katika punje za adesi, zilezile zinazochemshwa na kuungwa nazi jikoni. Sehemu inayonaswa ndiyo AFP-L3, na inapozidi asilimia 10 ya AFP yote, shaka ya saratani huongezeka hata kama kiwango cha jumla hakijapanda sana.

Shahidi wa pili anatoka katika kazi nyingine kabisa ya ini, nayo ni kugandisha damu. Ini hutengeneza prothrombini, protini ambayo haifanyi kazi mpaka asidi amino zake kadhaa ziongezewe kemikali fulani kwa msaada wa vitamini K. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walieleza kwamba seli za saratani ya ini hutoa prothrombini ambayo haikukamilishwa, na bidhaa hiyo yenye kasoro, inayojulikana maabara kwa jina la PIVKA-II au DCP, imeonekana kuhusiana na saratani inayojipenyeza katika mshipa mkubwa uletao damu ya utumbo kwenye ini. Wahudumu wa wodi wazingatie hapa tahadhari moja: mgonjwa anayetumia dawa ya warfarini, au mwenye upungufu wa vitamini K kwa sababu nyongo yake imeziba, atakuwa na PIVKA-II nyingi bila saratani yoyote, kwa hiyo matokeo yasomwe pamoja na orodha ya dawa anazotumia.

Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza waliziunganisha alama hizi tatu na jinsia na umri wa mgonjwa katika hesabu moja iitwayo GALAD. Alama hizo hazipandi kwa sababu moja, kwani AFP hupanda kwa jeni iliyofunguka upya, AFP-L3 kwa sukari iliyobandikwa na PIVKA-II kwa kazi iliyoachwa nusu, hivyo uvimbe unaojificha kwa mojawapo mara nyingi hunaswa na nyingine. Jinsia na umri, ambavyo havihitaji sindano wala mashine, vimo katika hesabu hiyo kwa haki kabisa, kwa kuwa maradhi haya huwapata wanaume zaidi na hatari yake huongezeka kadiri miaka inavyosonga.

Hoja ya tatu: Ndani ya tishu, mahali protini ilipo ni ushahidi sawa na wingi wake

Damu hueleza kwamba kuna protini, lakini haielezi imekaa wapi. Jibu la hilo hupatikana katika kipande cha ini kinachochukuliwa kwa sindano na kupelekwa kwa daktari wa patholojia. Wasikilizaji ambao hawajaiona kazi hiyo waifuatilie kwa makini. Kipande chembamba kama uzi wa kufumia hutumbukizwa katika fomalini ili kisioze, kikaondolewa maji, kikazamishwa katika nta ya moto, na nta ikapoa ikawa tofali dogo. Tofali hilo hukatwa kwa wembe wa mashine kuwa pande zenye unene wa mikroni tatu hadi tano, yaani sehemu tatu hadi tano kati ya elfu moja za milimita, zinazoelea juu ya maji ya uvuguvugu kabla ya kuopolewa kwa kioo. Kisha hudondoshewa kingamwili, yaani protini ya kinga, iliyotengenezwa ili ishike protini moja tu, ikifuatiwa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, kinachogeuza kemikali isiyo na rangi kuwa kahawia. Mwishowe daktari huinamia hadubini, na pale penye protini inayotafutwa huona kahawia juu ya mandhari ya buluu, na pale isipokuwapo huona buluu tupu.

Mbinu hiyo ina mizizi miwili mikuu, mmoja ukiwa kazi ya Albert Coons, aliyebandika rangi yenye kung'aa kwenye kingamwili mwaka 1941, na wa pili ukiwa ugunduzi wa Georges Köhler na César Milstein wa mwaka 1975, uliowezesha maabara kutengeneza kingamwili za aina moja bila kikomo. Kwa kutumia mbinu hiyo, maswali mawili ya kila siku hujibiwa.

Swali la kwanza ni iwapo uvimbe ni wa ini lenyewe au ni mgeni kutoka kwingine. Kingamwili ya Hep Par 1, ambayo hushika kimeng'enya kilichomo katika viwanda vya nishati vya hepatositi, pamoja na ile ya ajinesi-1, kimeng'enya kinachoshiriki kuondoa amonia mwilini, huonyesha kwamba seli zina asili ya ini. Jibu hilo hubadilisha tiba nzima, kwani saratani ya utumbo iliyohamia kwenye ini hutibiwa kwa njia tofauti na saratani ya ini.

Swali la pili ni gumu zaidi, nalo ni iwapo kinundu kidogo katika ini lenye sirosisi kimekwisha kuwa saratani au bado kiko njiani. Hapo hutumika alama tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni glipikani-3, protini ya juu ya utando wa seli ambayo ini la kijusi huwa nayo na ini la mtu mzima huwa halina. Ya pili ni HSP70, inayosaidia seli kustahimili dhiki. Ya tatu ni glutamini sintetesi, na hiyo ndiyo inayofunza zaidi, kwa kuwa haikosekani katika ini zima la afya, ila hukaa mahali pake: huonekana kama pete nyembamba ya seli, safu moja hadi tatu, kuizunguka veni ndogo ya katikati ya kila kipashio cha ini. Pete hiyo inapovunjika na kahawia ikatapakaa kinundu kizima, daktari hujua kuwa utaratibu umepotea. Katika utafiti wa Italia wa mwaka 2007 uliohusu saratani za mwanzo kabisa, kupatikana kwa alama mbili zozote kati ya tatu kulibaini asilimia 72 ya saratani, bila kinundu hata kimoja kisicho cha saratani kuhesabiwa kimakosa. Kwa maneno mengine, alama mbili zikikubaliana uamuzi ni wa kutegemewa, ila zisipokubaliana isitangazwe kwamba hakuna saratani.

Hoja ya nne: Baadhi ya alama husimulia mwenendo wa maradhi, na nyingine husimulia chanzo chake

Baada ya jina la ugonjwa kujulikana, ndugu wa mgonjwa huuliza utakwendaje. Ki-67 ni protini inayoonekana katika viini vya seli zinazojigawa na kukosekana katika seli zilizopumzika, kwa hiyo asilimia ya viini vyenye rangi huonyesha kasi ya uvimbe. Jina lake lina kisa kifupi: kingamwili yake ilielezwa mwaka 1983 na watafiti wa mji wa Kiel nchini Ujerumani, na namba 67 ni ya kisima ilimopatikana katika sahani ya maabara yenye visima 96. Sitokeratini-19, inayofupishwa CK19, ni protini ya seli za vijia vya nyongo na ya seli changa za ini, na inapoonekana katika asilimia tano au zaidi ya seli za saratani ya hepatositi, saratani hiyo huelekea kurudi mapema baada ya upasuaji na kusambaa zaidi. Hapa tena unaonekana uzi uleule ulioanza na AFP na ukapita kwenye glipikani-3, kwamba kadiri seli inavyorudi utotoni ndivyo inavyokuwa hatari.

Protini ya p53 ina habari ya namna nyingine, na habari hiyo inawagusa wakazi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika isijigawe, na katika seli nzima hubomolewa haraka mno hata isionekane chini ya hadubini. Jeni yake ikiharibika, protini mbovu mara nyingi haibomolewi, hujazana katika kiini na kukipaka kahawia nzito. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likichunguza wagonjwa wa Qidong nchini Uchina na jingine wagonjwa wa kusini mwa Afrika, yaliripoti kwamba saratani nyingi za ini katika maeneo hayo zilikuwa na kasoro mahali palepale pamoja katika jeni ya p53, katika neno la 249 la maelekezo yake. Mhusika mkuu ni aflatoksini B1, sumukuvu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Sumu hiyo ikifika kwenye ini hubadilishwa na ini lenyewe kuwa kemikali kali inayojibandika kwenye jeni, hivyo protini hiyo mbovu huwa kama muhuri wa ghala alimolia mgonjwa miaka mingi kabla ya kuugua.

Ukubwa wa hatari hiyo ulipimwa mjini Shanghai katika utafiti uliowafuatilia wanaume 18,244. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba sumukuvu peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini mara 3.4, virusi vya homa ya ini aina ya B peke yake mara 7.3, na vyote viwili kwa pamoja takriban mara 59. Hesabu hiyo isomwe kwa utulivu na watu wa eneo ambalo chakula chake kikuu ni ugali wa mahindi na ambalo virusi hivyo ni vya kawaida. Kenya mwaka 2004 ilipata wagonjwa 317 wa sumu ya aflatoksini, 125 kati yao wakafariki, na Tanzania ikapata mlipuko katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Hao ni walioumwa ghafla wakahesabiwa. Wanaokula kidogo kidogo kwa miaka hawahesabiwi siku hiyo, bali huja kuonekana wodini baadaye.

Hoja ya tano: Alama ya kuchagua tiba ni adimu, na kuwapo kwa protini hakuthibitishi kwamba dawa itafanya kazi

Katika saratani ya titi, daktari hupima protini fulani na kwa jibu lake huchagua dawa. Saratani ya ini haijafika huko, isipokuwa kwa mfano mmoja ulio wazi. Dawa ya ramusirumabu, inayozuia uvimbe kujitengenezea mishipa ya damu, haikufanikiwa ilipojaribiwa kwa wagonjwa wote kwa jumla, lakini katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, lililowahusisha wenye AFP ya nanogramu 400 au zaidi peke yao, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 8.5 badala ya 7.3. Tofauti hiyo ni ndogo, na haipaswi kupambwa, ila inathibitisha kwamba alama kongwe ya uchunguzi inaweza kupewa kazi mpya ya kuchagua.

Mifano ya kinyume ni mingi. Glipikani-3 ilionekana kuwa shabaha bora, maana imo kwenye uvimbe na haimo kwenye ini zima, lakini kingamwili ya kodrituzumabu iliyotengenezwa kuishambulia haikuonyesha faida ilipojaribiwa kwa wagonjwa, na sasa watafiti wanajaribu kutumia seli za kinga zilizofunzwa kuitambua. Vivyo hivyo PD-L1, protini ambayo uvimbe huitumia kuzibembeleza seli za kinga zisiushambulie, haijawa kigezo cha kutegemewa katika ini. Jaribio la mwaka 2020 la kuunganisha atezolizumabu na bevasizumabu liliwapa asilimia 67.2 ya wagonjwa mwaka mmoja wa uhai au zaidi, dhidi ya asilimia 54.6 kwa dawa ya zamani ya sorafenibu, na wagonjwa wake hawakuchaguliwa kwa kipimo cha PD-L1.

Matumaini mapya yako katika kupima maelfu ya protini kwa mara moja. Mwaka 2019 watafiti wa Uchina walichunguza jozi 110 za uvimbe na tishu jirani za wagonjwa wa saratani ya hatua ya mwanzo inayohusiana na homa ya ini aina ya B, wakagundua kwamba uvimbe ambao hadubini huuona wa aina moja unagawanyika katika makundi matatu yenye hatima tofauti, na kwamba kundi baya zaidi lina wingi wa SOAT1, protini inayohusika na uhifadhi wa kolesteroli ndani ya seli. Matokeo hayo ni mwanzo mzuri, lakini bado ni mwanzo.

Hoja ya sita: Alama isiyo na tiba nyuma yake haimwokoi mtu

Hoja hii ya mwisho inabeba uzito wa mhadhara mzima, na ushahidi wake ni majaribio mawili ya nchi moja. Huko Qidong, wanaume wenye virusi vya homa ya ini aina ya B walipimwa AFP kwa vipindi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba saratani ziligunduliwa mapema zaidi, lakini vifo havikupungua, kwa sababu waliogunduliwa hawakupata tiba yenye nguvu. Huko Shanghai, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2004 na kuwahusisha watu 18,816, kundi moja lilipimwa AFP na ultrasaundi kila miezi sita, na vifo vya saratani ya ini katika kundi hilo vilipungua kwa asilimia 37, kwani wengi waliogunduliwa mapema walifanyiwa upasuaji. AFP ilikuwa ileile. Shanghai iliongeza picha upande mmoja na meza ya upasuaji upande wa pili.

Hali hiyo ipo pia barani Afrika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ukikusanya wagonjwa 2,566 kutoka Misri na nchi nyingine za Afrika zikiwemo Tanzania na Uganda, ulionyesha kwamba mgonjwa wa kati nchini Misri alikuwa na umri wa miaka 58 na akaishi miezi 10.9 baada ya kugunduliwa, ilhali katika nchi nyingine alikuwa na miaka 46 na akaishi miezi 2.5. Umri wa miaka 46 ni umri wa mzazi anayelipa ada za shule. Wagonjwa wa namna hiyo hawakupungukiwa alama ya kisasa, bali walipungukiwa mtu wa kuwaita mapema na mahali pa kuwapeleka baada ya kuwaita.

Hitimisho

Imebaki protini moja ambayo haikutajwa katika hoja zote sita, na imeachwa kwa makusudi. Mwaka 1965 Baruch Blumberg na wenzake walitangaza kuikuta katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia antijeni ngeni, ambayo baadaye ilifahamika kuwa ni protini ya ganda la virusi vya homa ya ini aina ya B, na mwaka 1976 Blumberg akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Protini hiyo haitengenezwi kwa amri ya saratani, bali kwa amri ya kirusi, na huonekana katika damu miaka mingi kabla ya uvimbe kuanza. Hupimwa kwa tone la damu na kijiti cha karatasi, bila mashine kubwa, na jibu hupatikana mgonjwa angali amekaa kwenye benchi. Zaidi ya hayo, protini hiyohiyo, ikitengenezwa na hamira katika kiwanda, ndiyo chanjo. Taiwan ilianza mpango wa kitaifa wa kuwachanja watoto mwaka 1984, na kabla ya miaka 15 kupita ikaripotiwa kwamba saratani ya ini kwa watoto imepungua.

Kwa kipimo cha dai lililotangazwa mwanzoni, hiyo ndiyo alama yenye maana kubwa kuliko zote, kwa sababu swali lake ni jepesi na nyuma ya jibu lake kuna hatua inayojulikana: asiye nayo na asiye na kinga achanjwe, na aliye nayo aingizwe katika ufuatiliaji, apimwe AFP na ultrasaundi kila miezi sita pale hatari inapodai, na apewe dawa za kudhibiti virusi zinapostahili. Kazi iliyo mbele ya kizazi hiki cha wataalamu ni kuzifikisha maabara za patholojia mikoani, kushirikiana na maofisa kilimo kukausha na kuhifadhi nafaka vizuri, na kuunganisha kila kipimo na kliniki itakayokipokea.

Kenya iliingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002. Kila aliyezaliwa kabla ya miaka hiyo katika nchi hizo mbili, wakiwemo wengi waliomo humu ukumbini, alipita utotoni bila ratiba hiyo kumfikia, kwa hiyo asiyejua hali yake na akapime.